Akiba ya Familia Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wazazi wa Umoja, Kayole, Kawangware, Githurai na Rongai: walioajiriwa, wanaouza vibandani, wa mjengo, wa bodaboda. Kipato chao kinatofautiana sana, lakini majibu mengi yanarudi pale pale: pesa ya familia igawanywe siku ile inapoingia, kabla haijalala kwenye simu. Ikishalala huko bila kazi maalum, kila mwenye shida ataiomba, na mwenye simu ndiye atakuwa wa kwanza.

Pesa yenyewe haitoshi kula. Tutaweka akiba kutoka wapi?

Kuna nyumba ambazo hakika hazina cha kuweka. Kama watoto wanalala njaa, shida yenu ni kipato, na asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba mnakosa nidhamu. Tafuteni kwanza kazi ya ziada, au hamieni chumba cha kodi nafuu, ndipo mzungumzie akiba.

Kwa wengi wengine, pesa ipo ila inapita bila kuonekana. Chukueni daftari la kawaida, na kwa mwezi mmoja kila mtu mzima nyumbani aandike alichotumia siku hiyo: nauli, chapati ya saa nne, bando, soda ya mgeni, ada ya kutoa pesa kwa wakala. Msilaumiane na msipunguze chochote mwezi huo. Andikeni tu.

Ada za simu pekee huwashtua wengi. Ukitoa shilingi 200 kwa wakala wa M-Pesa unakatwa 29, sawasawa na anayetoa 2,000. Mtu anayetoa mia mbili mbili mara nne kwa wiki anaacha kwa wakala zaidi ya 100, pesa ambayo nyingi yake ingebaki nyumbani kama angetoa mara moja, au kama angemlipa mama mboga moja kwa moja kwenye till yake, ile namba ya M-Pesa ya kupokea malipo ya biashara.

Tuanze na asilimia ngapi?

Siamini katika asilimia moja ya kumfaa kila mtu. Anza na kiasi ambacho una hakika hutakirudia tarehe 20. Mia tano isiyoguswa inakujenga kuliko elfu tano inayowekwa tarehe mbili na kutolewa wiki ya tatu, maana ile ya pili inakuzoesha kuvunja ahadi uliyojiwekea. Ukikaa miezi mitatu bila kuigusa, ongeza.

Mume wangu haniambii anapata ngapi. Nami nina yangu ambayo haijui. Tufanyeje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na akaunti nzuri ya benki haiwezi kulitatua. Familia nyingi Nairobi zinaishi na mifuko miwili iliyofichana. Baba analipa kodi ya nyumba na stima, mama analisha na kuvisha, na kila mmoja anaamini mwenzake ana zaidi. Karo inapokosekana, mnalaumiana, kumbe jumla ya pesa ingetosha kama ingeonekana mahali pamoja.

Usianze kwa kudai payslip. Mtu akihisi anakaguliwa atafunga mlango kabisa. Anzeni na matumizi: kaeni jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mwandike vitu vyote ambavyo nyumba inahitaji mwezi huu na miezi mitatu ijayo. Wekeni bei. Kisha kila mmoja aseme atabeba kipi. Karatasi hiyo inazungumza yenyewe, kwa sababu pengo likionekana, mwenye siri ataona anachoficha kinamuumiza nani.

Mkishazoea, fungueni mfuko mmoja wa pamoja na kila mmoja abaki na kiasi kidogo chake ambacho haulizwi. Baba akitaka kunywa chai na marafiki, mama akitaka kusuka nywele, kiasi hicho ndicho kitumike bila kuomba ruhusa. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona mipango mingi ikivunjika pale mmoja alipogeuzwa mtoto wa kupewa pesa ya matumizi. Na mkutano wenu wa pesa uwe na siku yake. Hesabu zinazofanywa katikati ya ugomvi hazina faida.

Kama kuna mateso, au mwenzako anakunyang'anya kila senti, hapo tumetoka kwenye mambo ya bajeti. Weka akiba yako pahali salama, na umtafute mtu mzima unayemwamini au msaada wa kisheria.

Sisi ni watu wa kibarua. Hakuna mwisho wa mwezi. Bajeti tutaifanya vipi?

Ifanyeni kwa siku. Tuseme kodi ya nyumba ni 9,000 na kwa kawaida unapata kazi siku 25 kwa mwezi. Kila siku ya kazi ina deni la 360 kwa mwenye nyumba. Jioni, kabla ya kupitia dukani, 360 iondoke mfukoni iende mahali pa kodi. Siku ukipata kazi nzuri, toa ya siku mbili, maana mvua ya Aprili itakuja na mjengo utasimama.

Kwa anayeuza mboga, mitumba au chakula, kuna kosa moja linalomaliza biashara nyingi: pesa ya mauzo na pesa ya nyumba kukaa pamoja. Ukiuza 3,000, hiyo haijawa yako. Ndani yake kuna pesa ya kurudi Marikiti au Gikomba kesho alfajiri, nauli ya kubeba mzigo, na ada ya kaunti. Jilipe mshahara wa siku, hata kama ni 400, na nyumba iishi kwa huo. Inasaidia sana biashara ikiwa na till yake na pesa ya nyumba ikiwa kwenye laini nyingine.

Kwa nini kila Januari tunamalizika?

Kwa sababu Januari tunaijua tangu utotoni na bado tunaipokea kama ajali. Karo ya muhula wa kwanza, sare, viatu, vitabu, kodi ya nyumba, na nauli ya kurudi kutoka ushago, vyote vinaangukia wiki mbili. Na tunavifikia baada ya Desemba ambayo mishahara mingi hulipwa mapema, hivyo mshahara mmoja unavutwa zaidi ya siku 40.

Dawa ni kuilipa Januari kidogo kidogo kuanzia Februari. Kaeni chini mjumlishe yote yatakayohitajika. Tuseme ni 33,000. Kuna miezi 11 kuanzia Februari hadi Desemba, kwa hiyo ni 3,000 kila mwezi. Kiasi hicho kinauma, lakini linganisha na kutafuta 33,000 kwa siku kumi, ambapo wengi huishia kwa shailoki, mkopeshaji wa riba kali anayeshika televisheni kama dhamana.

Pesa hiyo ipewe jina. Kwenye daftari, kwenye akaunti, hata mkiitaja kwa mdomo, iwe "karo", isiwe "akiba" tu. Inashangaza jinsi mtu anavyosita kuigusa pesa yenye jina la mtoto wake. Baadhi ya shule hukubali mzazi alipe kidogo kidogo kabla muhula haujaanza. Ulizeni ofisini, na mkilipa chukueni risiti kila mara.

Wale wenye mtoto anayekaribia Gredi ya 10 wajipange mapema zaidi. Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia sekondari ya juu Januari 2026, na mzazi ambaye mtoto wake anatoka shule ya kutwa karibu na nyumbani kwenda bweni hukutana na orodha ndefu: sanduku, godoro, blanketi, sare mbili. Godoro na sanduku vinaweza kununuliwa miezi sita kabla, kimoja kimoja.

Desemba nayo iwe na kiasi chake. Sisemi watu wasiende kuwaona wazazi. Nendeni, lakini muwe mmekubaliana mtatumia kiasi gani, na nauli ya kurudi ibaki Nairobi.

Akiba ya dharura iwe kiasi gani, na ikae wapi?

Lengo la kwanza: kodi ya mwezi mmoja na chakula cha mwezi mmoja. Mkifika hapo, nendeni miezi mitatu. Ikae mahali unapoweza kuipata kwa siku moja au mbili, ila isionekane kila unapofungua simu kutuma nauli.

M-Shwari, akaunti ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa iliyoanza Novemba 2012, ina sehemu ya kufungia pesa kwa muda unaouchagua, na imewasaidia watu wengi kuanza. Kwa kiasi kinachokua, tazama mifuko ya soko la fedha, ile watu wanayoiita MMF, inayosimamiwa na kampuni zenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Baadhi hupokea hata shilingi 100, na mmoja wao, Ziidi, unauendesha kwenye simu yako ya M-Pesa. Riba inapanda na kushuka kulingana na soko, na hukatwa kodi ya asilimia 15 kabla ya kukufikia, kwa hiyo usishangae ukipata pungufu ya ulichokisoma kwenye tangazo.

Benki nayo ni mahali pazuri. Ikifungwa, KDIC, shirika la bima ya amana za benki, humlipa kila mwenye akaunti hadi 500,000. Kiwango kilikuwa 100,000 mpaka 2020. Walioona benki ya Imperial ikifungwa Oktoba 2015 na Chase Aprili 2016 wanaelewa kwa nini jambo hili lina maana. Pesa ya chini ya godoro haina mlinzi kama huyo, na Nairobi mioto ya mitaa ya mabati haisubiri mtu atoe sanduku.

Sacco au chama?

Vinafanya kazi tofauti, na familia inaweza kuwa na vyote viwili.

Chama cha kuzungusha, mnachangiana na kila mwezi mmoja anapokea, ni kizuri kwa kitu kikubwa kimoja: tangi la maji, cherehani, friji ya biashara. Nguvu yake ni aibu njema. Unatoa kwa sababu Mama Otis na Mama Njeri wanakusubiri. Udhaifu wake ni kwamba anayepokea wa kwanza anaweza kutoweka, na anayepokea wa mwisho ndiye aliyewakopesha wenzake wote bila riba. Ndiyo maana chama kizuri ni cha watu wanaojua nyumba ya kila mmoja, chenye katiba hata ya kurasa mbili, akaunti yenye saini za watu watatu, na hesabu inayosomwa mbele ya wote kila mkutano. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu vikundi vya kijamii inawawezesha kujisajili rasmi. Jisajilini. Bila cheti, benki haitawafungulia akaunti ya kikundi, na pesa itaishia kwenye simu ya mweka hazina.

Sacco, ushirika wa akiba na mikopo, ni ya safari ndefu. Unaweka kila mwezi na nyingi zinakubali kukukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, riba ikiwa karibu asilimia 12 kwa mwaka juu ya deni linalobaki. Ukiwa na akiba ya 60,000, basi, mkopo wa 180,000 unawezekana, wadhamini wakipatikana. Hapo ndipo wengi hawasomi maandishi. Ukimdhamini mwenzako na asilipe, akiba yako ndiyo itakayokatwa. Usimdhamini mtu kwa sababu tu amekununulia chakula cha mchana.

Jambo lingine: hisa na akiba ni vitu viwili. Akiba utarudishiwa ukijiondoa kama huna deni wala hujamdhamini mtu, baada ya kutoa notisi, kwa kawaida siku 60. Hisa hazirudishwi. Unaziuza kwa mwanachama mwingine. Na ukiwa bado mwanachama huwezi kuchota sehemu ya akiba ile, kwa hiyo pesa ya dharura usiipeleke huko. Kabla ya kujiunga, angalia kama Sacco iko kwenye orodha ambayo SASRA, msimamizi wa Sacco, huitoa kila mwaka. Bima ya KDIC niliyoitaja haihusu Sacco, na sababu hiyo inatosha kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza maswali magumu.

Mikopo ya simu inatusaidia tusiaibike. Ni mibaya kweli?

Kwa dharura moja, ukalipa kwa wakati, inaweza kukuvusha. Shida ni ikigeuka kuwa mshahara wa pili. M-Shwari hutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, mbali na ushuru wa serikali. Ukikopa 5,000 ni 375, na mtu hujiambia si kitu. Mwenye kukopa 5,000 zile zile kila mwezi analipa 4,500 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka bado hana 5,000 zake. Angejinyima mara moja tu, angekuwa anajikopesha mwenyewe.

Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kukamilisha malipo salio likipungua, iliyoingia Januari 2019, inakata ada ya asilimia 1 unapoitumia kisha ada ya kila siku deni likiendelea kukaa. Mshahara ukiingia, inachukua chake kwanza, na wewe unaanza mwezi ukiwa umepungukiwa, kwa hiyo unafuliza tena. Kuvunja mduara huu, punguza kiasi unachofuliza kidogo kidogo kila mwezi hadi kifike sifuri. Kuna watakaoweza kuacha kwa siku moja, lakini wengi huanguka kwa sababu nauli ya Jumatatu haikusubiri.

Ukiwa na madeni kadhaa, yaandike yote, hata ya dukani na ya dada yako. Lipa kidogo kila mahali, kisha elekeza nguvu kwenye lile lenye riba kali zaidi. Dada yako mpigie simu umwambie ukweli. Kinachowaudhi wanaotudai ni kimya.

Na kubeti si njia ya kulipa deni. Ninasema hivi bila kumdharau mtu yeyote, kwa sababu najua wengi wanaobeti wanatafuta karo. Kama mmoja nyumbani hawezi kuacha, simu ya akiba ishikwe na mwingine, na mzungumze na mshauri mapema.

SHA tulipe, au tuiweke pesa hiyo?

Lipeni. SHA ndiyo bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiye na mwajiri hupimwa kipato, na hakuna anayelipa chini ya 300 kwa mwezi. Kinachowasumbua wa jua kali ni kwamba wanatakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Ndiyo sababu iwe na bahasha yake, kama karo. Mjisajili wote, na watoto pia, kupitia *147#. Usajili pekee unakufungulia huduma za zahanati na kituo cha afya cha serikali bila malipo. Mkishalipia, bado wekeni kidogo cha matibabu, kwa sababu dawa hukosekana na utatumwa duka la nje.

Kila wiki kuna mchango: matanga, harusi, hospitali, binamu anayetaka karo. Tutakataaje?

Msikatae. Siku yenu itafika, na wale mliowafariji ndio watakaokuja. Lakini kutoa bila mpaka kunawafanya ninyi kuwa wa kuchangiwa kesho.

Tengeni kiasi cha kusaidia kila mwezi, mkikubaliana wawili: cha wazazi kwanza, kisha cha michango. Tuseme 2,000. Kikitumika chote tarehe 12, jibu ni, "Mjomba, mwezi huu tumefika mwisho, tutakukumbuka mwezi ujao," na mtimize. Watu huheshimu kiasi kidogo kinachofika kuliko ahadi kubwa. Kwa wazazi, kutuma siku moja kila mwezi kunapunguza zile simu za dharura, kwa sababu mama akijua pesa ya sukari na dawa inafika tarehe tano, naye atapanga.

Lililo muhimu: mume na mke wasitumie watu wao kwa siri. Mkwe akijua msaada umetoka kwa wote wawili, heshima inaenda pande zote.

Watoto tuwafundishe vipi?

Waonyesheni hesabu halisi. Mtoto wa miaka kumi anaweza kwenda nawe sokoni na 300, aambiwe alete mboga za siku tatu, na chenji aieleze. Akikosea, kuleni alicholeta. Kibubu ni kizuri kwa wadogo, ila kiwe na lengo analolitaka yeye, na kamwe msikope humo bila kumwomba na kumrudishia. Mzazi akivunja kibubu cha mtoto kimyakimya, mtoto anajifunza kwamba akiba huliwa na wenye nguvu.

Kijana wa sekondari apewe bajeti ya vitu vyake vya muhula, muende naye Gikomba au Kamukunji, achague mwenyewe kati ya viatu vya bei na viatu vya kawaida pamoja na sweta.

Kununua kwa jumla kunaokoa?

Kwa vitu visivyooza, ndiyo. Mafuta ya kupima na sukari ya robo vinagharimu zaidi ukijumlisha mwezi mzima. Majirani watatu mkinunua gunia la viazi Marikiti mkagawana, mnaokoa bila mtu kulazimika kutoa pesa nyingi. Ila pima nauli, na ujichunguze: kuna nyumba ambazo mkebe mkubwa wa mafuta huisha haraka ule ule.

Kuna mtu anasema pesa yetu itazaa mara mbili kwa miezi michache.

Muulize leseni ni ya nani: CMA, Benki Kuu au SASRA. Kisha hakikisha wewe mwenyewe kwa wasimamizi hao. Waliopoteza katika Deci, mpango wa upatu uliosambaratika mwaka 2007, waliletwa na watu waliowapenda, wengine wao ni washirika wa kanisa moja, na ndiyo maana hawakuuliza.

Ploti nayo ni vivyo hivyo. Kabla ya kulipa hata pesa ya kushikilia, fanyeni upekuzi wa hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, au ofisi ya ardhi inayohusika, muone jina la mwenyewe, na mwende kwenye kiwanja kwa siku ambayo muuzaji hakuipanga, muulize majirani.

Uzeeni tutaishi kwa nini?

Aliyeajiriwa ahakikishe makato yake ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yanafika. Yeye anatoa asilimia 6 na mwajiri asilimia 6, hadi kiwango cha mshahara kilichowekwa, na taarifa ya akaunti unaweza kuiomba wakati wowote. Wengi hugundua wamerukwa miaka kadhaa wakati kampuni tayari imefungwa. Wa jua kali wana mpango wa Haba Haba wa NSSF, kuanzia shilingi 25 kwa siku, na baada ya miaka mitano ya kuchangia unaweza kutoa nusu. Mwenye kiasi kikubwa zaidi anaweza kununua bondi za serikali mwenyewe kuanzia 50,000 kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ulioanza 2023, bila dalali. Riba huingia kila baada ya miezi sita, na kuna familia ambazo hupanga ilipwe karibu na Januari na Julai, ili nusu yake ipunguze mzigo wa karo na nusu irudi kwenye akiba.